Pikipiki ya Watatu na Hesabu ya Kilo 90

Tunaishi watatu katika nyumba moja ya kupanga hapa Melbourne, upande wa magharibi wa jiji. Mmoja wetu katoka Mwanza, mmoja Tanga, na mmoja Uvira kwa kupitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Makala hii tunaiandika kwa pamoja, ingawa kalamu anaishika mmoja na wengine wawili wanachungulia begani na kukosoa. Kwa hiyo mkikuta mahali mtu kasifiwa sana, jueni mwenyewe alikuwa amesimama karibu.

Tunataka kusimulia habari za pikipiki, na hasa sheria moja ya hapa Australia inayosema mwanafunzi aendeshe pikipiki ya namna gani. Sheria hii tumeipitia wenyewe, nusura itule fedha zetu, na tunajua wapo ndugu zetu hapa Melbourne, Brisbane na Perth wanaotafuta usafiri wa kazini kama tulivyokuwa tukitafuta sisi.

Mambo yalianza na zamu ya alfajiri. Mwenzetu wa Mwanza alipata kazi ghalani. Ndiyo, kubeba boksi, na safari hii si kwa lugha yetu ya utani, ni maboksi yenyewe ya karatasi ngumu. Zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Treni za usiku kucha hapa ni za mwisho wa wiki tu, na siku za kazi mtu akingoja treni ya kwanza atafika wenzake wameshashusha kontena zima. Gari tunalo moja, nalo hulitumia mwenzetu wa Tanga, anayetunza wazee na kurudi nyumbani saa sita usiku. Ikawa tunapeana zamu ya kumpeleka. Ukilala saa saba, ukaamshwa saa kumi umpeleke mtu mzima kazini kwenye baridi ya mwezi wa saba, undugu unaanza kupungua taratibu, hata kama mnakula sahani moja.

Tukakaa kikao. Tulikuwa na upatu wetu wa watatu, umefika dola 5,000, na tukakubaliana tununue pikipiki iwe ya wote, ila mwenzetu wa Mwanza ndiye aanze kuitumia. Tulipotaja habari ya kujifunza akacheka sana. Yeye aliendesha bodaboda miaka 7, akipakia watu kutoka Igoma hadi mjini kabla hatujajua kama kuna nchi inaitwa Australia. "Nijifunze nini tena? Labda nikawafundishe wao."

Lakini leseni yake ya nyumbani ilikuwa imekwisha muda miaka mingi, hivyo hapa alihesabiwa mwanafunzi sawasawa na kijana wa miaka 18 ambaye hajawahi kushika klachi. Mwanafunzi wa jimbo letu la Victoria anavaa rifleta kila anapoendesha, anabandika kibao cha njano chenye herufi L, haruhusiwi hata tone la pombe, habebi abiria, na haendeshi pikipiki yoyote aitakayo. Anachagua katika orodha ya serikali. Hilo la orodha ndilo lililotushughulisha wiki kadhaa.

Sisi tulidhani itakuwa suala la cc, kama tulivyozoea. Nyumbani mtu akitaka kujua ukubwa wa pikipiki anauliza cc basi. Hapa cc ipo, kikomo ni 660, lakini ni nusu tu ya sheria. Nusu ya pili inauliza nguvu ya injini ikilinganishwa na uzito unaosukumwa. Kikomo ni kilowati 150 kwa tani moja. Unachukua nguvu ya injini kwa kilowati, unaigawa kwa uzito wa pikipiki uliojumlishwa na kilo 90, kisha unazidisha kwa 1,000. Hizo kilo 90 ni za mwendeshaji pamoja na mavazi yake yote: helmeti, koti, glavu na viatu.

Mwenzetu wa Uvira alikuwa mwalimu wa hesabu kambini, na tangu aje huku hajapata mtu wa kumfundisha isipokuwa sisi tusiotaka. Siku ile alifurahi kama mtoto wa Idi. Akaleta daftari. Mwenzetu wa Tanga akataka kwanza aelezwe kwa lugha ya watu, kisha akajieleza mwenyewe: ni kama tanga kubwa kwenye ngalawa ndogo. Tanga lile lile ukilipandisha kwenye jahazi, chombo kinakwenda kwa adabu; ukilipandisha kwenye ngalawa, upepo mmoja tu na nyote mnaogelea. Basi ndivyo. Injini yenye nguvu kwenye pikipiki nyepesi inaruka mbele ukikunja mkono kidogo, na mwanafunzi ndiye mtu ambaye mkono wake haujajua kidogo ni kiasi gani.

Aliyetufungua macho zaidi ni mzee wa jirani yetu, Mgiriki aliyeletwa hapa na wazazi wake akiwa mdogo, ambaye banda lake la nyuma limejaa pikipiki zilizofunguliwa na hazijafungwa. Yeye alijifunza zamani, wakati sheria ilikuwa ya cc peke yake. Hapa Victoria mpaka katikati ya mwaka 2008 mwanafunzi alizuiwa kwa cc 260 tu, hakuna habari ya uzito. Mzee anasema sheria ile ilikuwa na matundu mawili. Kwanza, zilikuwepo pikipiki za cc 250 zilizotengenezwa kwa ajili ya mbio, zile zenye injini inayochoma oili pamoja na petroli. Alitaja Suzuki RGV250. Ile ilikuwa na takriban kilowati 45 na uzito usiofika kilo 140 ikiwa kavu. Mwalimu wetu akapiga hesabu pale pale: 45 kwa 229, inatoka 196. Imepita kikomo cha leo mbali sana, na vijana wa siku zile walikabidhiwa wakiwa na L mgongoni kwa kuwa ni 250 tu. Pikipiki hiyo na wenzake kadhaa sasa wametajwa kwa majina kwamba mwanafunzi asiwaguse.

Tundu la pili lilikuwa kwa watu wanene. Mtu wa kilo 110 alilazimishwa kupanda 250 ya kawaida, iliyokuwa inahema kila inapopanda daraja, na akitaka kulipita lori anabaki pembeni ya magurudumu yake hana mbele hana nyuma. Mzee anasema hofu ile hajaisahau, na tukimtazama tunamwamini, maana hata leo si mtu wa kilo 90.

Sheria mpya imegeuza mambo. Leo mwanafunzi anaweza kupanda Royal Enfield Interceptor ya cc 648, pikipiki kubwa yenye sauti ya kiume, kwa sababu ina kilowati 35 na uzito wa zaidi ya kilo 200. Inatoka kama 120. Wakati huo huo ile ndogo ya 250 ya mbio haruhusiwi. Mwenzetu wa Mwanza aliposikia mwanafunzi anaweza kupanda cc 648, uso ukang'aa. Kule Mwanza aliyekuwa na 150 alikuwa tajiri.

Sasa tuseme kuhusu hizo kilo 90, kwa sababu zilituletea ubishi wa jioni nzima. Sisi watatu hatufanani. Mwenzetu wa Mwanza ana kilo 62 akiwa ameshiba. Wa Tanga ana 104, ingawa anataka tuandike mia. Sheria inatuona wote sawa, watu wa kilo 90 na nguo zetu. Wa Uvira akachukua mfano wa Yamaha MT-07 ile iliyotengenezewa wanafunzi wa huku: takriban kilowati 38 na kilo 182. Kwa hesabu ya serikali inatoka 140, inaruhusiwa. Akatoa zile 90, akaweka 70 kwa ajili ya mwembamba wetu na mavazi yake. Ikatoka 151. Akaweka 112 kwa mnene wetu, ikatoka 129. Maana yake pikipiki moja, njia moja, siku moja, ni halali kwa mmoja na ingekuwa haramu kwa mwingine kama sheria ingetupima kwenye mizani mlangoni. Mwenzetu wa Tanga alidai basi yeye apewe pikipiki kubwa zaidi. Tukamwambia aiandikie serikali. Kwa kweli hatuoni sheria ingefanyaje vinginevyo. Askari hawezi kutembea na mizani ya mchele. Lakini ni vizuri mtu mwembamba ajue kwamba orodha haikumfikiria yeye, ilimfikiria mtu mwingine aliyemzidi kilo 20.

Hapa ndipo tulipoingia mtegoni. Tuliona tangazo la MT-07, bei nzuri kabisa, limeandikwa kwamba inafaa kwa wanafunzi. Tukaenda Jumamosi, watatu ndani ya gari. Pikipiki ilikuwa nyeusi, safi, na muuzaji alikuwa mtu mchangamfu aliyetuuliza habari za Serengeti. Akasema wapo wengine wanaokuja jioni, tukitaka atushikilie tuache dola 500. Tukaacha. Taslimu, bila risiti, kama watu walioshuka kwenye ndege jana.

Tulipomwonyesha mzee wa jirani picha, aliuliza swali moja: "Ni LA au siyo LA?" Hatukujua anasema nini. Akatueleza kwamba Yamaha ina MT-07 mbili katika soko la hapa. Moja ni ya kawaida, cc 689 na takriban kilowati 55. Nyingine ina herufi LA mwishoni mwa jina, injini yake imepunguzwa ikawa cc 655, na nguvu yake ndiyo ile tuliyoipigia hesabu. Ukiziweka pamoja mtu asiye fundi hatazitofautisha. Hapo mwalimu wetu hakuhitaji daftari: 55 kwa 272, ni 202. Na cc 689 tayari zimevuka 660 kabla hujafika kwenye uzito.

Tukarudi kule usiku huo huo. Muuzaji alikuwa amepungukiwa uchangamfu. Alisema yeye hakudanganya, MT-07 ni MT-07, na kama sisi hatujui kusoma hilo si kosa lake. Tulisimama kwenye uwanja wa nyumba yake dakika arobaini. Wa Uvira alimweleza kwa upole, kama anamweleza mwanafunzi mkaidi, kwamba mwanafunzi akikamatwa juu ya pikipiki isiyo kwenye orodha anatozwa faini na kukatwa pointi, na akianguka nayo bima inaweza kukataa kulipa, na kwamba mwenzetu huyu ana mke Mwanza anayemtegemea. Mwishowe alirudisha 300. Zile 200 tumezihesabu kuwa ada ya shule. Kwa hiyo ndugu, kabla hamjatoa hata senti, someni jina lote la pikipiki mpaka herufi ya mwisho, na cc, na mwaka, mlinganishe na orodha ya jimbo lenu. Vilevile mwulizeni fundi kama haijafunguliwa. Ziko nyingine zilizotoka kiwandani zimebanwa nguvu kwa ajili ya wanafunzi, halafu mwenyewe wa kwanza akazibanua akishapata leseni kamili. Ikishabanuliwa si ya mwanafunzi tena, hata kama jina lake lipo kwenye orodha.

Wenzetu mlioko New Zealand, kwenu hesabu ni hii hii tangu Oktoba 2012, na kilo 90 zile zile. Mlioko Uingereza mna yenu. Leseni ya kati inayoitwa A2 ina kikomo cha kilowati 35, na isizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya pikipiki, na isiwe imepunguzwa kutoka pikipiki yenye nguvu zaidi ya mara mbili. Pale mwendeshaji hahesabiwi kabisa, ni chuma peke yake. Mwenzetu wa Tanga anasema angehamia huko.

Jioni ya siku iliyofuata tulikuwa bado mezani, tumeshakula ugali na maini, na mwalimu wetu alikuwa amelewa hesabu. Alikwisha kuipima kila pikipiki aliyoijua. Akamwambia mwenzetu wa Mwanza, lete bodaboda yako. Akaileta kwa kumbukumbu: ya Kihindi, kama kilowati 8 hivi, kilo 120. Ukiweka zile 90, inatoka 38. Tukacheka. Ina maana bodaboda ya Mwanza ni salama mara nne kuliko kikomo cha Australia! Wa Tanga akasema, haya sasa weka mshikaki. Msiowahi kuishi Tanzania, mshikaki ni kupakia abiria wawili au watatu juu ya pikipiki moja, wamebanana kama nyama kwenye kijiti, wakati sheria ya kule inaruhusu abiria mmoja tu. Basi mwalimu akauliza uzito. Mwendeshaji 60. Weka mama, 70. Weka mtoto, 20. Weka gunia, 50. Jumla na pikipiki 320. Inatoka 25. Tukacheka zaidi, kwa sababu kwa hesabu hii kila unapozidi kupakia ndivyo unavyozidi kuwa salama. Ukipakia kijiji kizima hupati ajali milele.

Mwenzetu wa Mwanza hakucheka. Alisema, "Gunia lilikuwa la dagaa."

Tumeishi naye miaka 3 na hatukuwahi kulisikia. Alisema ilikuwa kwenye mteremko, mvua imetoka kunyesha. Mama alikuwa na mtoto wa miaka sita hivi na gunia la kupeleka sokoni, na alitaka kulipa nauli ya mtu mmoja na nusu. Yeye siku ile alikuwa hajapata hesabu. Wasomaji mliotoka nyumbani mnaijua hesabu hiyo, haihitaji daftari. Pikipiki ilikuwa ya tajiri, na kila jioni, upate usipate, unampelekea shilingi 7,000 zake. Ikifika saa kumi una 4,000, hukatai mtu. Alikanyaga breki ya mguu, gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka, na uzito wote ule ukaendelea na safari. Mtoto alivunjika mguu. Mama na yeye walichubuka. Alilipia matibabu miezi minne kwa kuendesha usiku, kisha akamrudishia tajiri funguo na hakupanda pikipiki tena mpaka kuja huku.

Alisema pia kwamba kule mteremkoni injini haikuwa na kazi yoyote. Angeizima ingekuwa vile vile.

Mwalimu wetu alifunga daftari. Baadaye, tunaosha vyombo, alisema kwa sauti ya chini kwamba fomula ile inajibu swali moja tu, yaani pikipiki itaruka mbele kwa kasi gani. Haijui kitu kuhusu kusimama. Ndiyo maana, alisema, waliiandika sheria ya abiria mbali na sheria ya kilowati. Kwa hesabu ya kilowati abiria ni nafuu, kwa mteremko abiria ni mzigo unaokusukuma mgongoni. Hatujui kama watunga sheria waliwaza hivyo, lakini sisi tangu jioni ile tumeacha kuiona kanuni ya kutobeba abiria kuwa ni uchoyo wa wazungu, kama tulivyokuwa tukiiita.

Mafunzo ya mwanzo ni ya siku mbili, uwanjani, kwa pikipiki zao ndogo. Tulimsindikiza. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kamanda. Mwenzetu alipanda, akaondoka, akazunguka vikoni kana kwamba kazaliwa juu yake, na wale vijana wengine saba wakamtazama kwa wivu. Kisha likaja zoezi la kusimama ghafla. Akakanyaga ya mguu. Pikipiki ikateleza ubavu, ikaacha mstari mweusi kwenye lami. Mama akamwambia arudie, safari hii abane breki ya mkono pole pole kisha kwa nguvu, kwa sababu pikipiki ikisimama uzito wote unahamia mbele na gurudumu la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa. Akarudia. Mguu ukaenda wenyewe. Mara ya tatu, mguu.

Kule kwetu wengi tulifundishwa kwamba breki ya mbele inaua, itakurusha juu ya usukani. Na kwenye mchanga na matope kweli inaua. Miaka 7 mguu wake ulikuwa umejifunza hivyo, na miguu haisikii Kiingereza.

Tatizo la pili lilikuwa shingo. Hapa kabla hujahama njia lazima ugeuze kichwa utazame begani, vioo havitoshi. Mwenzetu hageuki. Mama akamwuliza kule kwao alikuwa anajuaje kama kuna gari nyuma. Akajibu kwa ukweli kabisa: walikuwa wanapiga honi. Sisi pembeni tulitamani ardhi itumeze, lakini mama alicheka, akasema ana wanafunzi wasiojua kitu na ana yeye anayejua miaka saba, na kazi ya yeye ni ngumu zaidi.

Hakufaulu siku ile. Alirudi nyumbani kimya, akaweka rifleta juu ya kiti, akalala na viatu. Tulidhani ameacha. Asubuhi tulimkuta uani amekaa juu ya kreti la soda, mikono imeshika fimbo ya ufagio kama usukani, anabana vidole vya kulia, anageuza shingo, anabana tena. Alifanya hivyo wiki mbili. Majirani wapya waliohamia nyumba ya kushoto nadhani mpaka leo wana mashaka nasi.

Mara ya pili alifaulu. Alipomaliza alimwuliza yule mama swali ambalo sisi tulijua limetoka wapi: pikipiki ndogo, watu watatu na gunia, mteremko, mvua, mtu afunge breki ipi? Mama alimtazama kwa muda. Akamwambia hilo halimo katika kitabu chake, na akamwuliza kama kuna aliyeumia. Wakaongea wawili pembeni ya uzio. Hatukuwasogelea.

Tukanunua Honda CB500F kwa mtu mwingine, kwa risiti, na mzee wa jirani akiwa ameikagua kwa tochi. Kilowati 35, kama kilo 190. Inatoka 125 kwa mtu wa serikali, na kama 135 kwa mwembamba wetu. Tulimshauri aanze na kitu kidogo zaidi, 300 hivi, na mzee alishauri vivyo hivyo, kwamba kuruhusiwa na orodha si lazima uchukue kilicho juu kabisa. Lakini barabara ya ghalani ni ya kilomita 100 kwa saa, imejaa malori alfajiri, na upepo wa huku unasukuma kitu chepesi mpaka njia ya pili. Tukakubaliana hiyo, kwa sharti la mwezi mmoja wa kuendesha mitaa ya karibu kwanza. Alitimiza.

Picha ya kwanza aliyomtumia shemeji yetu, alisimama mbele ya pikipiki na mguu wake umekaa hasa mbele ya kibao cha L. Shemeji hakukiona kibao, aliona rifleta. Akauliza kama amekuwa askari wa usalama barabarani. Kisha akauliza, viza ikitoka, kama atampokea uwanja wa ndege kwa pikipiki. Ilibidi amweleze kwamba hawezi kumpakia, kwamba hata leseni ikitoka ile ya mwanzo nayo ina masharti yake, na pikipiki za orodha ataendelea nazo miaka 3. Shemeji alisema mbona Mwanza alikuwa akipakia dunia nzima. Alijibu kwamba ndiyo, na akabadilisha mazungumzo akauliza bei ya mchele.

Siku hizi tunamsikia saa kumi na robo. Anawasha, anaiacha iungurume kidogo, na kabla ya kutoka getini, saa ambayo mtaani hakuna hata paka, anageuza shingo kulia, anageuza kushoto. Sisi tunageukia ukutani tunaendelea kulala. Mtihani wake wa leseni ni wiki ya tatu ya mwezi ujao. Mwenzetu wa Tanga naye amejiandikisha kozi, amekwisha kununua viatu, na bado anadai kwamba kwa kilo zake angestahili kitu cha 150 kamili.